Bakuli la Mayai ya Ufa

Wifi yangu huchemsha yai mpaka linakuwa jiwe. Analitia kwenye maji ya baridi, maji yanachemka, anaanza kuhesabu dakika kwa saa ya ukutani, na akifika kumi na mbili anaongeza tatu za woga. Ukilimenya unakuta kiini kimezungukwa na rangi ya kijani. Watu wa mtaani wanamcheka. Ameuza mayai miaka kumi na tisa, wanasema, na hajui kuchemsha yai! Mimi sicheki. Nilikuwepo yalipotokea yaliyomfanya ahesabu hizo dakika tatu, na sehemu ya makosa ni yangu.

Mtaani wanamwita Tochi. Jina limemganda kiasi kwamba hata mumewe, ambaye ni kaka yangu na ni dereva wa malori ya safari ndefu, akipiga simu huniuliza, "Tochi hajambo?" Jina lilitoka kazini. Kibanda chake kiko kwenye kona ya soko, karibu na baraza ninaposhonea nguo, na kutoka cherehani yangu mpaka trei zake ni hatua sita. Kila yai linaloingia pale hupita mkononi mwake. Anajifunika kitambaa cheusi kizito kuanzia utosini mpaka kifuani, anaingiza humo yai na tochi, anawasha. Ukiwa nje husikii kitu isipokuwa neno moja: "Ngoja." Mteja ana haraka, mtoto analia mgongoni, teksi inapiga honi, "Ngoja." Kisha kichwa kinatoka, nywele zimetibuka, na hukumu inatolewa. Hili la juzi. Hili la wiki mbili, peleka kwenye keki. Hili viza, lirudi lilikotoka. Na lile lenye ufa, hata uwe mwembamba kama unywele, mwanga wa tochi unalisaliti.

Wateja walimtania kwamba huko ndani anasengenya na kuku. Lakini walirudi, maana kwa Tochi hujawahi kuvunja yai ukaziba pua.

Sheria yake ilikuwa moja: mteja hapewi ufa. Mayai ya ufa yaliwekwa kwenye bakuli la buluu chini ya meza, na jioni bakuli likaenda nyumbani. Kitu kingine, aliyaosha. Mayai huja na kinyesi na manyoya, na mteja anataka yai la kung'aa. Basi kila asubuhi ilikuwa beseni moja, kitambaa kimoja, mayai mia mbili na zaidi, na maji hayamwagwi mpaka yawe na rangi ya chai. Yote yalipita humo, yale mazima na yale ya ufa. Niliyaona hayo kila siku ya Mungu nikiwa na sindano mdomoni, na sikuwaza kitu. Tangu lini usafi ukawa kosa?

Tochi ana mtoto mmoja, binti. Binti huyo ameolewa na fundi umeme, kijana mzuri, mpole mpaka unataka kumfinya uone kama yuko macho. Mimba mbili za kwanza ziliharibika, ya kwanza mwezi wa tatu, ya pili mwezi wa nne, na kila mara Tochi alifunga kibanda wiki nzima na kukaa ndani bila kuwasha hata redio. Hii ya tatu ilishika. Ilipofika mwezi wa saba, kazi ikamchukua mkwe wake mbali. Mama mkwe wa binti akaomba amkalishe kwake mpaka ajifungue. Tochi akakataa. "Mwanangu nitamtunza mwenyewe," alisema, na alisema mbele ya watu, jambo ambalo baadaye lilimkaa kooni.

Kliniki, nesi alimvuta binti ukope wa chini, akaangalia, akasema damu imepungua. Akampa vidonge. Akataja mboga za majani, maharage, nyama ikipatikana. "Na yai moja kila siku," akamalizia. "Mayai si mnayo?"

Tochi alirudi amevimba kichwa. Kumwambia yeye habari za mayai!

Sasa nieleze jinsi kosa lilivyotengenezwa, maana halikutokana na uvivu wala ubahili. Mayai ya nyumbani yalikuwa ya bakuli la buluu, na yai la ufa ukilichemsha linapasuka, ute unatoka nje na kuelea majini kama povu. Watu wa kazi hii hawachemshi ufa, wanakaanga. Lakini binti, tangu apate mimba, akisikia harufu ya mafuta ya moto alikuwa anakimbilia uani kutapika. Na kuchukua yai zima kwenye trei ya wateja ni jambo ambalo halikumpitia Tochi akilini, kama vile mimi nisivyoweza kukata gauni la mteja nishonee pazia langu. Ikabaki njia moja, na njia hiyo aliiamini tangu utotoni: yai bichi kwenye glasi ya maziwa, sukari kijiko kimoja, koroga kwa uma, meza bila kupumua.

"Wifi, si ungelipika?" nilimwambia siku ya kwanza.

"Nilipike niliue? Nguvu ya yai iko kwenye ubichi. Ukilipika unabaki unatafuna mpira."

"Nesi hakusema bichi."

"Wala hakusema la kupika. Wewe wifi shughulika na vifungo vyako, mayai niachie mimi."

Ninajulikana kwa ulimi mrefu, lakini pale niliukunja, maana kwa habari za mayai nani angebishana na Tochi? Zaidi ya hapo, siku mbili alizowahi kwenda kupokea mzigo, glasi niliikoroga mimi. Ya siku ya nne na ya siku ya tisa. Binti aliipokea amefumba macho. "Shangazi, linateleza," alisema, "linateleza kama kitu kilicho hai." Nikacheka. Nikamwambia anywe, mtoto anataka damu.

Siku ya kumi na moja, nikiwa ndiyo kwanza natia uzi cherehani, Tochi alikuja mbio bila viatu. Sijawahi kumwona Tochi bila viatu. "Njoo," alisema, hakusema lingine.

Binti alikuwa amejikunja sakafuni kando ya ndoo. Alikuwa ameharisha mara nane tangu alfajiri, ametapika mpaka kinatoka kitu cha njano tu, na mwili wake ulikuwa wa moto kiasi kwamba nilipomshika bega niliondoa mkono. Midomo imekauka. Mikono yote miwili alikuwa ameizungushia tumbo. Kila tumbo lilipomkata alisema kwa sauti ndogo, "Asitoke. Jamani, asitoke." Tulimfunga shuka, tukamtia kwenye teksi, na njia nzima Tochi alikuwa anamwambia dereva apunguze mwendo kwa sababu ya mashimo na aongeze mwendo kwa sababu ya Mungu, mpaka mtu wa watu akachanganyikiwa.

Hospitalini walimtundikia dripu mara moja. Dokta alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, anaandika akiwa amesimama.

"Amekula nini siku hizi tatu nne?"

Binti hakuwa na nguvu ya kujibu. Tochi alijibu. "Uji. Wali, maharage. Chakula cha kawaida."

"Maziwa?"

"Ya kuchemsha."

"Kitu chochote kibichi?"

Nilimwangalia wifi yangu. Alikuwa anaangalia kalamu ya dokta, na chini ya mkoba wake mkono wake ulinishika kifundo cha mkono, ukabana.

"Hapana, dokta," alisema.

Nami nikakaa kimya. Niseme ukweli wangu hapa, maana ni rahisi kumwandika Tochi na kujisahau. Sikunyamaza kwa kumwonea huruma. Nilinyamaza kwa sababu niliikumbuka glasi ya siku ya tisa na uma uliokuwa mkononi mwangu, na nikaogopa. Nilijiambia mayai hayakuhusika, kwamba sote tumekula mayai ya bakuli lile miaka yote. Niliyajua hayo kuwa ni maneno ya mtu anayetafuta mahali pa kujificha. Tulikuwa tumeyala ya kukaanga.

Wakampima malaria. Wakaanza na dawa ya homa. Mchana ukaisha, homa haikushuka. Wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili na madirisha yaliyopakwa rangi nusu, harufu ya dawa ya kufutia sakafu ilipanda mpaka kichwani, na tuliketi kwenye benchi moja, mimi na Tochi, tukiangalia matone ya dripu. Jioni, kabla hawajatutoa, binti alifungua macho.

"Mama," alisema, "hajanipiga leo."

"Amelala," alisema Tochi haraka. "Watoto hulala."

"Hajanipiga tangu jana."

Tochi akaweka kiganja juu ya tumbo. Akakihamisha. Akakihamisha tena. Niliona uso wake ukibadilika kidogo kidogo, nikageuza wangu. Usiku ule sitausimulia, isipokuwa kwamba hakuna aliyelala.

Asubuhi alikuja nesi mkuu wa wodi, mama mmoja mnene, miwani imefungwa kamba shingoni. Alikuwa na ile pembe fupi ya kusikilizia mapigo ya mtoto. Akaiweka tumboni, akaweka sikio, akafumba macho. Akaihamishia kushoto. Akaihamishia chini. Hata yule wa kitanda cha dirishani, aliyekuwa akilalamika tangu tuingie, aliinua kichwa. Nilijikuta nimeshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili.

"Moyo upo," alisema mwishowe. Tukapumua. "Lakini unakimbia, na mtoto hachezi. Dokta anasema tumpe mpaka saa nane mchana. Asipocheza, tunamtoa."

"Wa miezi saba?" Tochi aliuliza.

"Wa miezi saba. Na hapa mashine ya kumlelea mtoto wa umri huo hatuna. Itabidi asafirishwe, na safari ni ndefu." Aliiviringisha pembe yake kwenye kitambaa. "Malaria hatujaiona. Hii ni sumu ya chakula, na dawa ninayompa ni ya kubahatisha kwa sababu sijui ameipata wapi. Mama, hebu fikiri tena. Amekula nini?"

Tochi akasema anakwenda kunawa, akatoka.

Nilimkuta kwenye korido karibu na bomba, maji yanatiririka, hajayagusa.

"Wifi," nikamwambia, "usiposema wewe, nasema mimi."

"Watasema nimemuua mjukuu wangu."

"Hajafa."

"Atafa, na watasema ni mimi. Na mwanangu atasikia." Akanishika gauni. "Ataniangalia, wifi. Wewe hujui jinsi anavyoangalia. Nilimnyima mama mkwe wake, nikasema nitamtunza mwenyewe."

Nilitaka kumpiga kofi, na nilitaka kumkumbatia, na mikono yangu haikujua ifanye lipi. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," nikamwambia. "Na glasi mbili nilikoroga mimi. Twende."

Tulikwenda tumeshikana mikono, wanawake wawili wenye mvi, kama wasichana wa shule waliovunja kioo. Nesi mkuu alikuwa chumbani kwake anahesabu vidonge. Tochi alisema yote kwa pumzi moja: bakuli la buluu, ufa, beseni, maziwa, uma, siku kumi na moja. Hakulia. Alimaliza akasimama wima, akingoja atukanwe.

Nesi hakutukana. Alikuwa ameshanyanyuka anaandika. "Yaliyooshwa kwenye maji mamoja?"

"Ndiyo."

"Ya baridi?"

"Ndiyo. Lakini nilimulika, sista. Kila moja nilimulika, hakuna hata moja viza."

"Mama, kuku anaweza kuwa mzima kabisa, anakula, anataga, na vijidudu viko tumboni mwake. Vinakaa kwenye ganda, na mara nyingine vinakuwa ndani kabla ganda halijafunga. Ukiliosha yai kwa maji machafu unavisukuma ndani. Likiwa na ufa umevifungulia mlango. Yai linaonekana jipya, halinuki, halina kasoro. Tochi yako inaonyesha ufa na umri. Vijidudu haivioni."

Tochi akauliza swali lililonishangaza, kwa sauti ya chini, karibu na ubishi. "Na nguvu ya ubichi?"

"Ipi? Ute mbichi mwili unachukua kama nusu tu ya faida yake, inayobaki inapita. Ukipikwa unachukua karibu wote. Moto hauui nguvu ya yai. Ungempa la kuchemsha, ute na kiini vimeganda vizuri, angepata zaidi na asingeugua." Alisema hayo huku anatoka na karatasi, hakuwa na muda wa kutubembeleza. "Mmefanya vizuri kusema. Mngesema jana ingekuwa vizuri zaidi."

Tochi alikaa kwenye kiti cha nesi bila kukaribishwa. "Nusu," alisema. "Nilikuwa namnyima."

Saa nne asubuhi dawa mpya iliingia kwenye mshipa. Nesi alituambia wazi kwamba dawa haifanyi kazi kwa kuiangalia. Tuliiangalia hata hivyo.

Hofu ikishapata nafasi haikai chumba kimoja. Tochi akaanza kuwakumbuka wengine. Kwa miaka kumi na tisa kila aliyemwuliza alimjibu bichi. Kocha wa wanariadha, kwamba awape vijana wake bichi. Mwanamke aliyejifungua juzi nyuma ya soko. Fundi viatu, mzee mwenye kifua kibovu, ambaye hulivunjia yai mdomoni pale pale kibandani. Akawahesabu kwa vidole, vidole vikaisha. Akanipa simu. Nikatoka nje nikapiga. Kocha alisema vijana wake wako uwanjani, wazima. Yule mzazi wa nyuma ya soko hakuwa ameanza kuyanywa. Fundi viatu alicheka mpaka akakohoa, akaniuliza tangu lini fundi cherehani akawa daktari wa kuku. Nikamwambia akinywa jingine nitamshona mdomo. Akasikia sauti yangu, akaacha kucheka.

Nikarudi wodini nikakuta jambo ambalo Tochi aliliogopa kuliko yote limeshafika. Binti alikuwa macho.

"Ni yale mayai, mama?" aliuliza.

Tochi angeweza kusema bado hawajajua. Ilikuwa kweli pia, majibu ya maabara hayajarudi. Akasema, "Ni yale mayai."

Binti alimwangalia. Nilielewa basi Tochi alikuwa anasema nini kule kwenye bomba. Hayakuwa macho ya hasira. Alimwangalia mama yake kama anavyoangaliwa mtu uliyemkabidhi mzigo dhaifu akauangusha, kisha akageukia ukutani, polepole kwa sababu ya dripu, na akabaki hivyo.

Saa sita. Homa ilishuka kidogo, nesi akasema ni dalili nzuri, akaweka pembe, akasema moyo umetulia kidogo. "Lakini namtaka acheze," akasema. Wakamnywesha maji yenye sukari. Wakamlaza ubavu wa kushoto. Wakamwambia ahesabu. Binti alihesabu akiangalia ukuta, na hakukuwa na cha kuhesabu. Saa saba. Tochi alikuwa anamwangalia yule nesi mdogo aliyeanza kuandaa vitu kwenye kitoroli: mikasi ya kukata nguo, pamba, fomu ya kusaini. Kila kitu kilipogonga bati Tochi alishtuka.

Saa saba na nusu alisimama. Akafungua mkoba, akatoa tochi yake, ile ndogo ya chuma iliyochubuka rangi kwa vidole vyake.

"Unakwenda wapi?" nikamwuliza.

Alikwenda kwenye kitanda, akainua ukingo wa shuka, akainama, akaingiza kichwa. Kisha mabega. Akajifunika mpaka kiunoni, na sisi tukabaki tunaangalia makalio ya wifi yangu na nyayo zake kwenye sakafu ya hospitali. Mgonjwa wa dirishani aliinuka kwenye mto ili aone vizuri. Mtu mmoja akacheka, kisha akaacha. Chini ya shuka mwanga ukawaka, na tumbo la binti likaonekana kwa nje kama kivuli cha mviringo.

Niliona haya. Nilimwonea haya mpaka masikio yakawaka, na papo hapo nilikuwa namwomba Mungu kimya kimya kwamba aone kitu humo, chochote kile. Hiyo ndiyo hofu, inakufanya uamini tochi ya kumulikia mayai.

Nesi mkuu akaingia na dokta. Ilikuwa bado dakika kumi na tano, lakini wamekuja.

"Mama, unafanya nini humo?"

Kutoka chini ya shuka ikatoka sauti ninayoifahamu kuliko kengele ya shule. "Ngoja."

"Mama, toka tumpeleke."

"Ngoja."

Dokta akainua mkono kumshika bega. Wakati huohuo binti, ambaye hakuwa amesema neno tangu saa tano, alivuta pumzi kwa nguvu na kukishika chuma cha kitanda. Nikajua basi, hii nayo imeharibika. Nikatafuta benchi kwa mkono bila kuliona.

"Amepiga," alisema binti.

Dokta akarudisha mkono.

"Hapo kwenye mwanga. Mama, sogeza." Mwanga ukasogea upande wa kulia. "Tena. Amepiga tena. Anaufuata." Sauti ikampasuka katikati, akawa analia na kuhesabu kwa pamoja. "Tatu. Nne."

Nesi mkuu alisukuma kitoroli pembeni kwa paja lake, akaweka kiganja juu ya shuka, juu ya ule mwanga. Akakaa hivyo. Niliona kamba ya miwani yake ikitetemeka. "Mm," alisema. "Mm. Huyo." Akamwangalia dokta, na dokta akarudisha fomu kwenye kitoroli. "Tunangoja," dokta akasema. "Dawa iendelee. Nitarudi saa kumi."

Tochi akatoka. Nywele zimetibuka, kama siku zote, na jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Tochi ilikuwa bado inawaka mkononi, mchana kweupe, hakukumbuka kuizima. Alisimama pale kama mtu aliyeshtakiwa, hakuthubutu kumgusa mwanawe.

"Sijaona kitu," alimwambia nesi, na machozi yakaanza kumtoka. "Nimeangalia kila mahali, sista. Ni wekundu tu. Sijaona kitu chochote."

Binti alikuwa ameshageuka kutoka ukutani. Alinyoosha mkono usio na sindano, akamshika mama yake kiganja, kile chenye tochi, akakirudisha juu ya tumbo.

"Wewe hujaona, mama," alisema. "Yeye ameona. Mulika tena."